Faktire mkononi: dhana potofu kuhusu haki ya kutibiwa, kama zinavyosikika Lubumbashi

Katika vituo vingi vya afya vya Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mgonjwa hununua fishi kabla hajaonana na daktari. Fishi ni karatasi ya kuandikia jina, umri na joto la mwili, nayo huanzisha msururu wa malipo ambao mgonjwa hajui utaishia wapi: maabara, glavu, seramu (maji ya kutundikiwa mshipani), kitanda, kisha faktire, yaani hati ya jumla ya deni. Kwenye benchi la kusubiri fishi hiyo ndiko watu hubishana kama matibabu ni haki au ni bidhaa kama unga, na huko ndiko nilikookota karibu dhana zote ninazozijadili hapa.

Dhana: «Kama ingekuwa haki, ingekuwa bure.»

Kifungu cha 47 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinahakikisha haki ya afya na kuiachia sheria iweke kanuni za msingi. Sheria hiyo ilitoka Desemba 2018. Zamani zaidi, mwaka 1976, nchi ikiitwa Zaire, ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ambao katika kifungu cha 12 unatambua haki ya kila mtu kupata afya bora kadiri inavyowezekana. Ukiyasoma maandishi hayo yote hutakuta mahali panapoahidi kwamba kila tembe itatolewa bila malipo. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilifafanua mwaka 2000 kwamba huduma inapaswa kuwapo, kufikika, kukubalika na kuwa na ubora, na kwamba kufikika kunahusu mfuko wa mtu pia: bei isimfungie mlango maskini, wala familia fukara isibebeshwe mzigo mzito kuliko wa tajiri.

Tena, hata kinachoitwa bure kina mlipaji. Chanjo za watoto, dawa za kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bila malipo kwa sababu mwingine, mara nyingi mfadhili wa nje, amekwisha kuzilipia. Mwaka 2025, Marekani ilipofuta sehemu kubwa ya misaada iliyopitia USAID, shirika lake la misaada, ilionekana wazi jinsi haki inavyoyumba inapoegemea mfuko wa jirani.

Dhana: «Wauguzi ndio wanaokula pesa yetu.»

Hii husemwa kwa hasira, na sitadai kwamba haina chembe ya ukweli, kwani malipo yasiyo na risiti yapo na kila mgonjwa ana haki ya kuyakataa malipo ya namna hiyo. Lakini mzizi wa jambo uko mbali na dirisha la malipo. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako na kukubaliana, pamoja na WHO na UNICEF, kwamba wananchi wachangie kidogo gharama za dawa muhimu ili fedha hiyo inunue dawa nyingine. Mchango ulikusudiwa kuwa nyongeza juu ya bajeti ya serikali. Kwetu bajeti hiyo iliporomoka pamoja na uchumi wa Zaire, nyongeza ikabaki kuwa mtaji mzima: ndiyo inayonunua sabuni, ndiyo inayotia mafuta kwenye jenereta, ndiyo inayowalipa wafanyakazi.

Wauguzi wengi hawana namba ya matrikile, yaani namba ya mtumishi wa serikali, kwa hiyo serikali haiwatambui kwenye orodha ya mishahara. Wanachopeleka nyumbani mwisho wa mwezi ni «prime», yaani posho, inayogawanywa kutoka kwenye mapato ya wagonjwa. Muuguzi aliye katika hali hiyo anakula kile ambacho mgonjwa amelipa, na mgonjwa asipolipa, analala njaa naye. Sioni jinsi mfumo wa namna hiyo ungeweza kuzaa huruma. Huko Abuja mwaka 2001 serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kongo haijaifikia ahadi hiyo, na hadi leo familia hutoa fedha nyingi kwa matibabu kuliko serikali yenyewe.

Dhana: «Aliyeshindwa kulipa, hospitali ina haki ya kumzuia.»

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea bukari (ugali) yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, katika hospitali moja ya mjini, ambayo sitaitaja. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, daktari alikwisha kumruhusu kwenda nyumbani, na mshono ulikuwa umekauka. Hata hivyo alikuwa amehamishiwa chumba cha nyuma pamoja na akina mama wengine wanne, watoto wachanga wakilala wawili wawili kwenye godoro moja. Faktire yake ilikuwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, imekunjwa mara nne, na tarakimu za mwisho zilikuwa zimeongezwa kwa kalamu ya rangi nyingine, kwa kuwa kila usiku aliolala pale akisubiri kulipa ulihesabiwa kama usiku wa kitanda. Tulipokaribia lango, zamu, yaani mlinzi, alisimama. «Mama, unisamehe,» alimwambia, «bila boni ya kutoka, karatasi ya ruhusa, siwezi kukufungulia.» Alikuwa mzee mpole, na nadhani aliona haya kuliko sisi.

Desturi hiyo imezoeleka kiasi kwamba watu huiona kama sheria. Ukweli ni kwamba deni la hospitali ni deni kama lolote: linadaiwa kwa makubaliano ya maandishi au mbele ya hakimu. Kifungu cha 17 cha Katiba kinalinda uhuru wa mtu, sheria ya jinai inaadhibu kumshikilia mtu kiholela, na kifungu cha 11 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Zaire ilijiunga nao mwaka uleule wa 1976, kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Familia iliyobanwa iombe kuandikiana na uongozi ahadi ya kulipa kidogo kidogo, na imwone msaidizi wa jamii kabla faktire haijanenepa.

Dhana: «Matibabu ni ya wenye kazi.»

Hii ni dhana ya Katanga hasa, eneo letu la migodi. Wazee wetu walitibiwa katika hospitali za kampuni ya migodi ya Union Minière, baadaye za Gécamines iliyoirithi, baba, mama na watoto, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondolewa kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, familia nyingi zilijifunza kwa mara ya kwanza bei ya seramu. Hapo ndipo lilipoota wazo kwamba afya ni zawadi ya kampuni. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema vingine: kumtibu mfanyakazi pamoja na mwenzi na watoto wake ni wajibu wa mwajiri, mkubwa kwa mdogo. Na Katiba haikuuliza mtu anafanya kazi wapi.

Dhana: «Kuzaa sasa ni bure kila mahali.»

Mpango wa uzazi bila malipo ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023 na kupelekwa mikoani hatua kwa hatua, kupitia vituo vilivyokubaliana na serikali tu. Mjamzito aulize kituoni kwake mapema, wala asisubiri uchungu umkute langoni.

Dhana: «Mituweli ni kutupa pesa nisipougua.»

Katika mituweli, yaani chama cha kuchangiana gharama za matibabu, wanaochanga mwezi ambao hawaumwi ndio wanaomlipia anayeumwa mwezi huo, na zamu yao itafika. Mituweli zina sheria yake tangu Februari 2017. Yaya aliingia katika moja baada ya mkasa ule, akilipa kutokana na mauzo yake ya unga. Mdogo wetu naye alikosea kama watu wengi: alijiandikisha akiwa na mimba ya miezi minane, akaambiwa kwamba mwanachama mpya huchanga kwanza kwa miezi kadhaa ndipo kadi yake ianze kufanya kazi.