Juukan Gorge: kibali kilikuwepo

Mtu akisikia kwamba Mei 2020 kampuni ya madini ya Rio Tinto ililipua kwa baruti mapango ya Juukan Gorge huko Australia Magharibi, yaliyotumiwa na binadamu tangu miaka 46,000 iliyopita, husema mara moja: walivunja sheria. Hawakuvunja. Walikuwa na kibali cha waziri tangu 2013.

Kosa letu ni kudhani kwamba sheria yenye neno "urithi" ipo ili kuzuia. Sheria ya Urithi wa Waaborijini ya 1972 iliharamisha kuharibu maeneo ya urithi wa Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, kisha kifungu cha 18 kikamruhusu mwenye haki ya kutumia ardhi, pamoja na mwenye leseni ya kuchimba madini, kumwomba waziri idhini ya kuyaharibu. Mwombaji akinyimwa, angeweza kukata rufaa. Wenyeji wenyewe, hapana. Ndiyo sheria, hiyo!

Mwaka 2014 uchimbuaji wa kiakiolojia katika mapango hayo ulitoa vitu maelfu, ukiwamo msuko wa nywele wa miaka 4,000 hivi, ambao vinasaba vyake viliuhusisha na watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, wenyeji wa hapo hadi leo. Sheria haikuwa na njia ya kukifikiria upya kibali kwa sababu ya ugunduzi huo.

Baada ya mlipuko, wakuu watatu wa kampuni waliondoka. Sheria mpya ya urithi ilianza Julai 2023, ikafutwa mwaka huohuo, na ile ya 1972 ikarudi na marekebisho: taarifa mpya lazima zifikishwe kwa waziri, na wenyeji sasa wanaweza kuomba uamuzi upitiwe upya. Kifungu cha 18 kingali pale.