Mabaki ya ranchi za kale ni nini?

Ukitembea kwa miguu katika hifadhi za magharibi mwa Marekani, usishangae kukuta nguzo za zizi zilizolala, seng'enge iliyoshika kutu au rundo la makopo katikati ya pori. Hayo ni mabaki ya ranchi, yaani chochote kilichoachwa na wafugaji wa ng'ombe waliolisha huko zamani. Si lazima liwe jengo.

Ukitaka kuyaelewa, tafuta maji kwanza. Nchi ile ni kame na ng'ombe hawezi kukaa mbali na maji, kwa hiyo mabaki mengi yako karibu na chemchemi na mabwawa. Katika hifadhi ya Joshua Tree, California, njia fupi inafika Barker Dam, bwawa la wafugaji la miaka ya 1900 hivi, ambalo mfugaji Bill Keys aliliongezea kimo baadaye. Nyuma ya ukuta wake lipo hori la kunyweshea mifugo.

Mimi lakini naipenda zaidi Cave Spring, katika hifadhi ya Canyonlands, Utah. Mzunguko wake ni kama kilomita moja tu. Chini ya mwamba uliotokeza kama baraza, wachunga ng'ombe walipiga kambi tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi 1975, ufugaji ulipokomeshwa ndani ya hifadhi. Meza yao na vyombo vyao bado vipo. Mbele kidogo maji yanachuruzika mwambani, na kuna michoro ya wenyeji wa asili walioijua chemchemi hiyo muda mrefu kabla ya ng'ombe kufika.

Umri wa mabaki husomwa kwenye vitu vidogo. Mkulima Mmarekani Joseph Glidden alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya seng'enge yake mwaka 1874, hivyo uzio wa aina hiyo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Kopo lenye tone la lehemu katikati ya kifuniko kwa kawaida ni la zamani kuliko lile lililokunjwa ukingoni bila lehemu.

Ndiyo maana kopo bovu nalo halichukuliwi. Sheria ya 1979 inalinda vitu vya kiakiolojia vilivyotimiza miaka 100 katika ardhi ya serikali kuu, na ndani ya hifadhi za taifa hata visivyofikia umri huo haviruhusiwi kuondolewa. Kulisogeza kopo tu ili upige picha nako ni hasara: mahali lilipoangukia ndipo panapomwonyesha mtafiti jiko lilikuwa wapi.