Kengele ya Alfajiri na Usingizi wa Wanafunzi

Katika shule nyingi za bweni nchini Kenya, kengele ya kwanza hulia saa kumi na nusu alfajiri, kwingine hata kabla ya hapo. Masomo ya jioni nayo huendelea hadi saa nne usiku. Toa muda wa kuoga, kufua soksi na kungoja bweni litulie, na mwanafunzi wa kidato cha tatu amebakiwa na saa tano au sita za kulala. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18.

Mara kwa mara sisi wa afya ya vijana hualikwa shuleni tukawape wanafunzi mawaidha kuhusu usingizi. Tunakwenda, lakini tunajua mipaka yake. Tafiti kuhusu masomo ya namna hii katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba vijana hupata maarifa, baadhi hulala vizuri zaidi kwa muda mfupi, kisha wengi hurudia hali ya awali. Tusiwalaumu. Anayejua faida zote za usingizi na bado anaamshwa saa kumi na nusu atayafanyia nini maarifa hayo?

Kijana anapobalehe, saa ya mwili wake huchelewa. Melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umeingia, huanza kupanda saa moja hadi mbili baadaye kuliko alipokuwa mdogo. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akisinzia juu ya sahani ya ugali sasa yuko macho saa nne usiku. Ukimwamuru alale mapema sana atajigeuzageuza tu. Tunachoweza kumwongezea ni asubuhi, na hiyo ndiyo sehemu ya usiku yenye ndoto nyingi, ambayo husaidia kumbukumbu na kutuliza hisia. Tukimwamsha alfajiri, hiyo ndiyo tunayoikata.

Sheria yenyewe iko upande wa mwanafunzi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka vipindi vya darasani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Kwa wanaolala shuleni, masomo ya jioni ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu, na kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa kulala. Hizo ni saa 8 na nusu. Shule inayofuata kanuni hizi tayari ina programu nzuri ya usingizi, na haijatumia hata shilingi.

Hofu ya walimu naielewa: wanafunzi wakiongezewa muda wa kulala asubuhi, si watakesha zaidi? Jiji la Seattle, Marekani, lilijaribu. Mwaka 2016 shule zake za sekondari zilisogeza masomo kutoka saa moja na dakika hamsini hadi saa tatu kasorobo asubuhi. Watafiti waliwavalisha wanafunzi vifaa vya mkononi vya kupima usingizi wakaona wamepata takriban dakika 34 zaidi kila usiku wa shule. Hawakuzimaliza kwa kukesha.

Wazazi nao husema tatizo ni simu. Wakati wa likizo, ndiyo, na simu ilale sebuleni. Lakini bwenini simu zimepigwa marufuku na watoto bado wanasinzia kwenye hesabu. Kinachowaweka macho huko ni mtihani. Wapo wanaosoma miguu ikiwa kwenye beseni la maji baridi, na wapo wanaolamba kahawa ya unga. Kafeini ya saa mbili usiku, nusu yake bado imo mwilini saa saba. Anayesoma hivyo anapoteza mara mbili, kwa sababu ubongo huyapanga ya mchana wakati amelala.

Kwa shule za kutwa, shida kubwa ni usafiri. Basi linalomchukua mtoto saa kumi na moja hufuta kila kitu, hata kama masomo yanaanza saa mbili. Bodi ipange upya njia za basi kabla ya kuandaa semina.

Bwenini, taa kuu zizimwe na ya korido iachwe kwa usalama. Kunguni wapuliziwe dawa wakati wa likizo, na adhabu ya kuamshwa mapema ikome. Kijana anayekoroma sana, au anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa huku akijitenga na wenzake, apelekwe kwa daktari. Huyo hatasaidiwa na ratiba pekee.

Kwenye mkutano ujao wa wazazi, pamoja na wastani wa alama, ulizia ratiba ya bweni. Iwe imeandikwa, yenye saa ya kengele ya kwanza na saa ya kuzima taa, kisha uhesabu mwenyewe zilizo katikati.