Chemba imefurika: nani amlipe fundi?

Kazi zangu nyingi za fundi bomba hapa Dar es Salaam huanza na ugomvi. Mwenye nyumba anasema wapangaji wametupa pedi chooni. Wapangaji wanasema mabomba yamechoka. Jirani naye analalamika harufu. Kila mtu ameshatoa hukumu na hakuna mfuniko hata mmoja uliofunguliwa. Anayewajibika hujulikana kwa mambo mawili: palipoziba, na kilichoziba. Yote mawili yanaonekana kwa macho.

Naanzia chemba, yaani kile kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba la majitaka, iliyo karibu kabisa na nyumba. Naufunua mfuniko, naiacha hewa itoke, wala siingizi kichwa, maana gesi ya majitaka inaweza kuua. Kisha naomba mtu amwage ndoo ya maji chooni. Chemba ikibaki kavu huku choo kikijaa, kizuizi kiko kati ya choo na hapo. Ikiwa imejaa tayari, kizuizi kiko mbele, nahamia inayofuata. Nikikuta moja imejaa na ya mbele yake ni kavu, nimemaliza kutafuta: bomba lililoziba ni lile linaloziunganisha. Kwa hatua hiyo hata mashine sihitaji.

Bomba lililoziba likiwa ndani ya kiwanja chako, ni lako, pamoja na shimo la majitaka na lile la kufyonza maji. Nyumba nyingi za jiji hili zinatumia mashimo, kwa hiyo shimo likijaa ni kuita gari la kunyonya. Walio kwenye mtandao wa majitaka wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kama baadhi ya wakazi wa Upanga na Kariakoo, huona tozo ya majitaka kwenye bili ya maji. Hao, chemba ya barabarani ikiwa imejaa pia, wasimlipe fundi kwanza. Bomba kuu ni la mamlaka, na lisipozibuliwa, uchafu utarudi ndani hata uzibue la kwako mara ngapi. Toa taarifa, uandike namba uliyopewa.

Nyumba za kupanga ndizo zenye kazi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka aliyepangisha sehemu tu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mabomba makuu ya majitaka na maeneo ya pamoja. Someni na mkataba wenu. Halafu tuangalie kilichotoka. Mizizi ya mti, bomba lililopasuka au lililolazwa bila mteremko, hayo ni ya mwenye nyumba. Bomba la inchi 4 linataka kushuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita; nimefukua mengi yaliyolala sawa kabisa, na hapo kinyesi kinabaki huku maji yakitangulia. Nepi, pamba na mafuta ya kupikia yaliyoganda ni ya mtumiaji, kama choo au sinki hilo ni lake peke yake.

Wanapotumia bomba moja, anayeonewa ni mpangaji wa chini. Uchafu hutokea kwake kwa sababu choo chake ndicho kilicho chini kuliko vyote, hata kama nepi imetupwa ghorofa ya tatu. Kumkata huyo amana yake ni dhuluma, na nakataa kuandika risiti ya namna hiyo. Ninachokitoa nakiweka kwenye ndoo, wote wakione, nakipiga picha kando ya chemba nilikokitoa. Kama hakuna ushahidi wa aliyetupa, mwenye nyumba alipe.

Wakati wa masika naangalia pia mifereji ya paa. Wapo wanaoielekeza kwenye chemba ya majitaka, na mvua kubwa ikinyesha hakuna bomba la inchi 4 litakalohimili. Gharama ya hapo ni ya aliyeunganisha.

Kama kiwanja kiligawanywa kikauzwa na bomba lako sasa linapita kwa jirani, msisubiri lizibe. Andikeni makubaliano mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: nani ataruhusiwa kuingia kufungua chemba, nani atachangia kiasi gani, na kwamba hakuna atakayejenga juu ya mfuniko.