Kumbikumbi wa mfukoni: maswali na majibu kuhusu wadudu wanaoliwa

Mvua zikianza magharibi ya Kenya, jamaa huwakumbuka ndugu zao wa Mombasa, na mfuko wa kumbikumbi hushuka Mwembe Tayari pamoja na mahindi na kuku. Wanaotoka Uganda au Bukoba huja na senene, aina ya panzi. Maswali yanayofuata ni yale yanayozuka mfuko ukishafunguliwa.

Je, wadudu ni chakula kweli, au ni cha wakati wa njaa tu?

Ni chakula. Ripoti ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2013 ilitaja aina zaidi ya 1,900 zinazoliwa duniani, na watu wapatao bilioni 2 ambao wadudu ni sehemu ya mlo wao. Thailand wanafuga nyenje kwa maelfu ya mashamba. Oaxaca, Mexico, panzi hukaangwa kwa kitunguu saumu na ndimu. Umoja wa Ulaya uliruhusu mabuu wa mende wa unga mwaka 2021, na Singapore ikaruhusu aina 16 mwaka 2024. Nyenje aliyekaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Kumbikumbi naye ana protini, ila sifa yake kubwa ni mafuta: ndiyo sababu hukaangika bila kutiwa mafuta, na ndiyo sababu huchacha upesi.

Nikila kamba midomo huvimba. Kumbikumbi je?

Usile, hata mmoja wa kuonja. Kamba, kaa na wadudu ni ukoo mmoja, wenye ganda nje na miguu ya vifundo, na wote wana protini iitwayo tropomayosini. Mwili uliokwisha kuikataa ndani ya kamba huenda ukaikataa ndani ya nzige pia. Moto hauiharibu, kwa hiyo kupika sana hakukuokoi. Wenye mzio wa vijidudu vya vumbi la godoro nao wajihadhari.

Asiye na mzio wowote, akila mara ya kwanza, aanze na wawili watatu kisha angoje saa mbili. Mwasho mdomoni, vipele, kutapika au kuvimba uso ni dalili za kuacha. Pumzi ikibana au sauti ikikwama, ni hospitali mara moja.

Kuna jambo wengi hawalijui: rangi nyekundu inayoandikwa E120 kwenye peremende na maziwa mtindi hutokana na mdudu mdogo wa dungusi kakati, anayevunwa sana Peru. Nayo imewahi kuwaletea watu mzio mkali. Soma karatasi ya pakiti.

Mfuko umefika kutoka Kakamega baada ya safari ya usiku kucha. Bado wazuri?

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na mara nyingi kosa si la mdudu bali la mfuko. Kumbikumbi hutoka ardhini, na udongo una vimelea vya botulizimu, ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ambayo vimelea hivyo huitoa ndani ya chakula. Ukiwafunga wabichi au wamekaangwa nusu, wana unyevu, kwenye plastiki isiyopitisha hewa, kisha ukawaweka chini ya basi lenye joto, umewapa vimelea hivyo kila wanachotaka. Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha taarifa ya mkurupuko wa botulizimu hapa Kenya uliotokana na kula kumbikumbi.

Ukifungua mfuko ukakuta majimaji, joto, utelezi, ukungu au harufu ya uvundo, mwaga wote. Usichague "wazuri", wala usitegemee kuwachemsha upya. Hata wasionuka si salama ikiwa walifungwa na unyevu, kwa kuwa sumu hii haionekani wala haitoi harufu. Dalili zake huanza mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36: kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha udhaifu unaoshuka kutoka kichwani hadi miguuni. Mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja kuche, na mabaki ya chakula yaende naye.

Mwambie anayekutumia awachemshe, awakaange hadi wakauke kabisa, awaache wapoe, kisha awatie kwenye mfuko wa karatasi au kikapu.

Niwapike vipi?

Kwa nusu kilo ya kumbikumbi wabichi: sugua mbawa taratibu, upepete kwa ungo, toa mchanga na waliobadilika rangi. Osha maji matatu. Chemsha lita mbili za maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Yakitokota watie, na yakirudi kutokota hesabu dakika tano. Chuja vizuri, kisha wakaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ukikoroga hadi walie wakigeuzwa. Usiruke hatua ya kuchemsha. Kukaanga peke yake huwababua nje, na bakteria wa tumboni mwa mdudu huweza kubaki hai.

Nzige na senene wana kazi zaidi. Ng'oa mbawa na miguu ya nyuma, kwa kuwa miiba yake ikiliwa kwa wingi huweza kuziba utumbo. Vuta kichwa polepole. Utumbo hutoka nacho.

Nzige wakivamia tena kama mwaka 2020, tuwaokote?

Hapana. Nzige wa makundi hunyunyiziwa dawa za kuua wadudu, na aliyenyunyiziwa huweza kuruka mbali kabla ya kufa. Kuosha hakuondoi dawa iliyoingia mwilini mwake. Ndivyo ilivyo pia kwa kumbikumbi wanaotoka kwenye kuta zilizotiwa dawa ya mchwa.

Ni halali?

Nzige ni halali, hata bila kuchinjwa. Kumbikumbi na wadudu wengine, katika madhehebu ya Shafi yaliyoenea Pwani, si halali. Kuhusu senene muulize shekhe wako.

Watoto, wajawazito na wenye jongo?

Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe mdudu mzima, atapaliwa. Saga unga laini, utie kijiko kimoja cha chai kwenye uji. Mjamzito ale waliopikwa tu, asile wabichi kama wanavyoliwa shambani. Mwenye jongo apunguze, kwa kuwa wadudu wengi wana purini, kitu kinachochochea jongo, nyingi kama dagaa.

Waliobaki niwaweke wapi?

Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Kilichokauka asubuhi hulainika jioni, na palipolainika ukungu huota, na baadhi ya ukungu hutoa sumu ya aflatoksini. Masika usianike juani. Tumia oveni kwa moto mdogo. Mmoja akivunjika kwa kidole bila kupinda, wamekauka. Waache wapoe kabisa kabla ya kufunika, maana mvuke wa joto hugeuka maji ndani ya chupa. Chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, ndani ya friza, ndiyo bora. Ukiifungua ukasikia harufu ya mafuta yaliyochacha, mwaga.