Je, wajua ni nani aliyekuwa wa kwanza kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika akiwa mchezaji, kisha akiwa kocha?

Tarehe 28 Februari 1998, jijini Ouagadougou, Misri iliifunga Afrika Kusini, bingwa mtetezi, mabao 2-0 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ahmed Hassan alifunga dakika ya 5, Tarek Mostafa akaongeza la pili dakika ya 13, na muda wote uliobaki Wamisri waliutumia kulinda walichokipata. Kocha wao, Mahmoud El-Gohary, alikuwa ametimiza umri wa miaka 60 siku nane tu kabla ya hapo. Kombe hilo alikuwa amekwisha kulitwaa miaka 39 nyuma, akiwa mshambuliaji, na hakuna mtu aliyemtangulia kulipata kwa njia zote mbili.

Mashindano ya mwaka 1959 yalifanyika Cairo, na timu zilikuwa tatu tu: wenyeji, Sudan na Ethiopia. El-Gohary, kijana wa klabu ya Al Ahly ya Cairo mwenye umri wa miaka 21, aliifunga Ethiopia mabao matatu peke yake katika ushindi wa 4-0, na mabao hayo matatu yakatosha kumfanya mfungaji bora. Msomaji wa leo anaweza kuona kwamba ubingwa wa mechi mbili ni ubingwa wa bei rahisi, lakini hizo ndizo zilizokuwa fainali za wakati huo, na bingwa ni bingwa. Goti ndilo lililomkatisha. Akaacha kucheza mapema, angali kijana.

Kilichomjenga kama kocha, kwa maoni yangu, ni jeshi kuliko ule mpira alioucheza. El-Gohary alikuwa ofisa wa jeshi la Misri, akashiriki vita vya Oktoba 1973 dhidi ya Israeli, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Jenerali. Timu zake zilifanana naye: zilipangwa kwa nidhamu, zilianza kwa kuziba njia za nyuma, na hazikuona aibu kushinda kwa bao moja. Mwaka 1982 aliipa Al Ahly ubingwa wa klabu za Afrika, ambao ulikuwa wa kwanza kwa klabu hiyo, kwa kuishinda Asante Kotoko ya Ghana. Mwaka 1993 alichukua kombe hilohilo akiwa na Zamalek, mahasimu wa Al Ahly, na timu aliyoishinda katika fainali, safari hii kwa mikwaju ya penalti, ilikuwa tena Asante Kotoko. Anayejua maana ya Simba na Yanga hahitaji kuelezwa uzito wa mtu kuwapa watani wa jadi wote wawili kombe moja la Afrika.

Hata hivyo, nidhamu hiyohiyo ndiyo iliyomletea lawama kubwa kuliko zote. Novemba 1989, bao pekee la Hossam Hassan dhidi ya Algeria jijini Cairo liliipeleka Misri Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1934, na ili timu ipate muda wa kutosha wa kujiandaa, ligi ya nchini ilifutwa msimu mzima. Kule Italia mwaka 1990, jijini Palermo, Misri ilitoka sare ya 1-1 na Uholanzi, mabingwa wa Ulaya, kwa penalti ya Magdi Abdelghani. Siku tano baadaye, palepale Palermo, ikakutana na Jamhuri ya Ireland. Mabeki wa Misri walikuwa wakimrudishia mpira kipa Ahmed Shobair, naye anaudaka, anautembeza kidogo, anawapa mabeki, nao wanamrudishia tena, mpaka mechi ikaisha 0-0 na kocha wa Ireland, Jack Charlton, akashindwa kuificha hasira yake. Mwaka 1992 sheria ilibadilishwa, kipa akakatazwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu, na mechi hiyo ya Palermo ni mojawapo ya zile zinazotajwa kila sababu za badiliko hilo zinapoelezwa. Misri ilitolewa na Uingereza kwa bao moja, na miezi michache baadaye, baada ya kufungwa 6-1 na Ugiriki katika mechi ya kirafiki, El-Gohary akafukuzwa kazi.

Alirudishwa, akaondoka, akarudishwa tena. Kwa hiyo kikosi alichokwenda nacho Burkina Faso mwaka 1998 kilikuwa mikononi mwa mtu aliyekwisha kuonja mazuri na machungu ya kazi ile. Misri ilifungwa na Morocco katika makundi, ikaponea kwenye penalti dhidi ya Ivory Coast katika robo fainali, kisha ikawatoa wenyeji 2-0 kwa mabao mawili ya Hossam Hassan, ambaye sasa alikuwa na miaka 31 na aliyemaliza mashindano akiwa na mabao saba. Ule ukuta uliochosha watazamaji wa Palermo safari hii ulikuwa na mfungaji mbele yake, na hiyo ndiyo tofauti ninayoiona kati ya timu hizo mbili.

Baadaye El-Gohary alihamia Jordan, akaifikisha nchi hiyo kwenye Kombe la Asia la mwaka 2004 kwa mara ya kwanza katika historia yake, ambako ilitolewa na Japani kwa penalti katika robo fainali. Alifariki Amman, Septemba 2012. Miezi mitano tu baadaye, Stephen Keshi wa Nigeria, bingwa wa mwaka 1994 akiwa nahodha, akawa mtu wa pili kulitwaa kombe kwa njia zote mbili. Hossam Hassan naye alikabidhiwa timu ya taifa ya Misri mwaka 2024: makombe ya uchezaji anayo matatu, ya 1986, 1998 na 2006, na la ukocha bado analitafuta.