Kinanda cha mabomba hakikuanzia kanisani

Wengi tumekua tukiamini kile kinanda kikubwa cha mabomba kwenye makanisa ya mjini kilibuniwa kwa ajili ya ibada, na inaeleweka maana karibu kila mara unakikuta hukohuko. Ila kilianzia Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, maji ndo yalikuwa yanaweka presha ya hewa sawa, halafu Warumi wakakipiga hadi kwenye mapigano ya uwanjani! Makanisa ya Ulaya yalikipokea karne nyingi baadaye. Kuhakiki si kazi, tafuta picha ya mosaiki ya Kirumi (mchoro wa vipande vidogo vya mawe) ya Nennig, Ujerumani, utakiona kabisa pembeni ya mpiga baragumu, au mabaki ya kinanda yaliyofukuliwa Aquincum, mji wa kale wa Warumi ulioko Budapest, Hungaria, yana kibao cha shaba chenye tarehe ya mwaka 228 baada ya Kristo.